Kwa Nini Unauza?

Hamira alikwenda kuiona ile nyumba jua likizama. Hakuichagua saa hiyo kwa kupenda. Ndiyo saa pekee ambayo miguu yake ilikubali tena kumbeba baada ya kazi.

Watu wa tanuri siku yao si kama ya watu wengine. Wanaamka wakati wenzao ndio kwanza wanageukia upande wa pili wa mto, na jua linapofika utosini wao wameshamaliza kila kitu isipokuwa uchovu. Kazini walimwita Hamira kwa sababu kila unga aliougusa uliumuka. Yeye mwenyewe hakuwa ameumuka kwa miaka mingi. Mgongo ulikuwa umeinama, macho yameingia ndani, na alikuwa na kawaida ya kusinzia akiwa amesimama, mkono juu ya trei, mpaka wenzake wampige kikumbo.

Hakutaka gari. Hakutaka suti. Alitaka kulala. Alitaka asubuhi moja tu ambayo jua litamkuta kitandani, lipite kwenye pazia limchome usoni, naye agune na kujifunika. Ndoto yake yote ilikuwa hiyo, na ndiyo iliyomtia mikononi mwa shemeji yake.

Shemeji alikuwa mdogo wa mke wake, dalali wa nyumba, kijana mwenye mdomo usio na breki. Alikuwa amehudhuria semina ya uwekezaji, akatoka na majibu ya kila swali kabla swali halijaulizwa.

"Nyumba ndiyo mfanyakazi pekee asiyelala, shemeji," alipenda kusema. "Wewe unakoroma, yenyewe inakuchapia kazi."

Hamira aliuliza maswali ambayo kila mtu mgeni wa mambo hayo huuliza. Anunue nyumba nzima au mbovu? Mbovu, kwa sababu bei yake ni laini. Tupu au yenye mpangaji? Yenye mpangaji, kwa sababu kodi inaanza siku ileile. Matengenezo afanye fundi, au afanye mwenyewe? Mwenyewe, shemeji, mwenyewe. Fundi atakumaliza.

"Na je, nimuulize mwenye nyumba kwa nini anauza?"

"Wee! Usithubutu. Ukimuuliza hivyo ataona unamtilia shaka. Watu wa heshima hawaulizani hayo."

Basi jioni hiyo wakaenda.

Nyumba ilikuwa mwisho wa mtaa, nyuma ya karakana ya magari iliyokuwa imeshafungwa. Plasta ilikuwa imebanduka, bati limeliwa na kutu, dari la ukumbini limeshuka tumbo. Mwenye nyumba aliwapokea mlangoni, mtu mwembamba, mwenye macho mekundu, ameegemea fremu kama vile akiiacha ataanguka. Mikono aliiweka mifukoni na hakuitoa hata wakati wa kusalimiana.

Hamira alikagua kwa utaratibu. Akafungua mabomba. Akajaribu vitasa. Akaomba kuona hati. Kisha akaanza kugonga kuta kwa kifundo cha kidole, maana ndivyo anavyoujua mkate ulioiva: unaugeuza, unaugonga chini, ukitoa sauti ya utupu basi uko tayari.

Ukuta wa ukumbini ulitoa sauti ya utupu.

Ko. Ko.

Akaondoa mkono. Akasubiri kidogo, hajui anasubiri nini.

Ko... ko.

Sauti ilikuwa imetoka upande wa pili.

"Ah, huyo mpangaji," shemeji akasema haraka. "Chumba cha nyuma. Bibi mmoja mstaarabu kabisa. Halalamiki, hadaiwi, hana wageni. Mpangaji wa hivyo hata ukitangaza redioni humpati."

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka bila mlio. Kwanza ilitoka harufu, ya chokaa mbichi, ile inayokamata kooni. Halafu akatoka bibi mdogo wa umbo, amejitanda khanga iliyopauka hata maua yake hayaonekani. Hakuwatazama usoni. Alitazama mikono yao.

"Huyu ndiye?" akauliza, sauti ya chini sana.

Mwenye nyumba alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama sakafu.

"Nani ataitengeneza nyumba yangu?" bibi akauliza.

Hamira alitaka kucheka. Nyumba yangu! Lakini alikuwa mtu wa adabu, na bibi alikuwa na umri wa mama yake. Shemeji akamgusa kwa kiwiko.

"Usiwe na wasiwasi, bibi," Hamira akasema kwa furaha, akainua mikono yake yote miwili hewani. "Tutaitengeneza wenyewe. Mimi na mke wangu. Kwa mikono hii hii."

Bibi akamsogelea. Akaishika ile mikono, akaigeuza juu, akaigeuza chini, akaibonyeza viganja kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Vidole vyake vilikuwa baridi na vimekauka.

"Mikono mizuri," akanong'ona. "Imezoea kuamka."

Mwenye nyumba akashusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu aliyetua gunia.

Hapo ndipo Hamira alipotaka kuuliza. Semina au si semina, swali lilimjia lenyewe hadi kwenye ncha ya ulimi: kwa nini unauza? Akafungua mdomo... na badala ya swali ukatoka mwayo. Mwayo mkubwa, wa machozi. Ulipokwisha, shemeji alikuwa ameshamshika mkono mwenye nyumba, wanaagana, na Hamira alichokuwa anawaza ni kitanda tu.

Siku ya kutia saini kwa wakili, mwenye nyumba alitoa mikono mifukoni kwa mara ya kwanza. Vidole vilikuwa vimepasuka pasuka, kucha zimeliwa, ngozi nyeupe kwenye mikunjo. Alitia saini. Akaiweka kalamu chini. Kisha akalaza kichwa juu ya meza ya wakili, papo hapo, akalala.

Walimtikisa. Hakuamka. Alikuwa anatabasamu.

"Furaha ya mauzo," wakili akasema, wakacheka wote.

*

Hamira na mke wake walipanga kuanza kazi Jumamosi. Mke wake alikuwa mshonaji, mwanamke asiyejua kukaa bure, na alikuwa ameshatenga nguo kuukuu za kuvaa kwenye vumbi. Ila Ijumaa hiyo alipata agizo la sare za shule nzima, akabaki na cherehani yake. Hamira akaenda peke yake, amebeba brashi na ndoo, huku akijionea huruma njia nzima.

Alipofungua mlango alisimama.

Ukumbi ulikuwa umepigwa plasta. Plasta nzuri, iliyonyooka, bado ina ubaridi wa maji. Nyufa zote zimezibwa. Kona moja ilikuwa imeshapakwa chokaa mara ya kwanza.

Akampigia simu shemeji. "Fundi uliyemleta ni hodari. Lakini ungeniambia kwanza."

"Fundi gani?"

"Acha utani."

"Shemeji, mimi hata ufunguo sina."

Hamira alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama ukuta. Alipaswa kuogopa. Kusema kweli hakuogopa, alifurahi. Mtu aliyechoka sana akikuta kazi yake imefanywa haulizi imefanywa na nani. Akarudi nyumbani, akalala mchana kutwa, akaamka amechoka kuliko alivyolala.

Ndivyo ilivyoanza. Kila alipokwenda alikuta kitu kimeongezeka. Dari limenyanyuliwa. Bati limezibwa. Mlango wa choo uliokuwa ukilia sasa umenyamaza. Nyumba ilikuwa inapendeza, na Hamira alikuwa anakwisha. Suruali zilianza kumshuka kiunoni. Mabega yalimuuma kama aliyebeba mawe. Kazini alisahau chumvi kwenye mikate ya siku nzima, na msimamizi akamwita pembeni, akamuuliza kama anakunywa.

"Silewi, bosi. Silali."

Lakini alikuwa analala! Hilo ndilo lililomchanganya. Alianguka kitandani mapema kuliko watoto wa jirani, na asikumbuke kitu mpaka mke wake amtikise alfajiri.

Mke wake ndiye aliyeona mikono.

"Hii ni nini, mume wangu?"

"Unga. Itakuwa nini tena?"

Na kwa nini asiseme hivyo? Maisha yake yote alikuwa na weupe chini ya kucha. Mwanamume mwingine angeshtuka kuamka na mikono myeupe. Yeye hata hakuitazama.

Mke wake akampelekea bakuli la maji. Unga ukiloa unakuwa uji, unateleza, unaondoka. Huu haukuondoka. Ulimchoma. Maji yalipoingia kwenye mipasuko ya vidole Hamira aliruka, akapiga kelele, na bakuli likamwagika kwenye sare za watu.

Wakatazamana.

"Usiku nilikugusa," mke wake akasema polepole. "Sikutaka kukwambia. Nilitaka kukusogeza, unapenda kunibana ukutani. Ulikuwa baridi. Ulikuwa mzito kama gunia la unga. Nikakuita, nikakuita..."

"Nikasemaje?"

"Hukusema kitu. Nilikaa macho nakusubiri mpaka alfajiri. Halafu ukashusha pumzi, ukafumbua macho, ukaniambia umechoka."

*

Mpangaji wa kwanza wa vyumba vya mbele alikuwa mwalimu kijana na mke wake. Hamira alimchagua kwa uangalifu, akamuuliza kazi yake, akaulizia tabia zake kule alikokuwa amepanga, yote kama shemeji alivyomfundisha. Mwalimu aliipenda nyumba. Alisema inanukia upya.

Wiki haikwisha. Mwalimu akaja hadi kiwanda cha mikate, akasimama mlangoni mwa chumba cha kukandia na ufunguo mkononi.

"Mzee, shikamoo. Nimerudisha ufunguo. Tumeshahama."

"Marahaba. Kuna nini tena? Maji?"

"Maji hayana shida." Mwalimu akatazama pembeni. "Ni hayo matengenezo yako ya usiku. Mke wangu ana mimba, hawezi kulala na brashi ukutani. Shwaa... shwaa... mpaka alfajiri. Nilitoka kukuomba uache. Nilikusalimia, hukuniitikia."

Hamira aliacha kukanda.

"Mimi?"

"Ulikuwa juu ya ngazi, mzee. Ukumbini. Unapaka ukuta uliokwisha kupakwa." Akaugeuza ufunguo mkononi. "Macho ulikuwa umefumba."

Akauweka ufunguo juu ya meza, kwenye unga, akaondoka bila kuaga. Hamira alibaki anatazama lile donge la unga likiumuka taratibu chini ya mikono yake, kama lina pumzi.

*

Jioni hiyo alikwenda. Alipita karakana iliyofungwa, akaingia ndani bila kuwasha taa, akasimama ukumbini. Harufu ya chokaa mbichi ilikuwa nzito. Kwenye kona kulikuwa na brashi ndani ya ndoo. Brashi yake. Mpini wake ulikuwa umelika mahali pa vidole, na aliposhika, vidole vyake vilikaa sawasawa.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni mwa chumba chake.

"Umewahi leo," akasema. "Bado hujalala."

"Bibi, nataka chumba changu. Nakupa notisi. Tafuta mahali pengine, nitakusaidia hata kubeba vitu."

Bibi akacheka kidogo, cheko la mtu anayemsikia mtoto akihesabu vibaya.

"Vitu gani, mwanangu?"

Hamira akachungulia nyuma yake. Chumba kilikuwa kitupu. Hakikuwa na kitanda, wala mkeka, wala msumari wa kutundikia nguo. Zilikuwepo kuta nne tu, zimepakwa chokaa juu ya chokaa juu ya chokaa, miaka na miaka, mpaka zimenenepa, na nafasi iliyobaki katikati inamtosha bibi mmoja mdogo wa umbo.

"Kila mwenye nyumba ananipa koti moja la chokaa," akasema bibi. "Wewe unapaka vizuri kuliko wote."

"Nani aliniambia nipake?"

"Ulisema mwenyewe. Kwa mikono yako."

"Lini itakwisha?"

Bibi akafikiri. Alionekana kufikiri kwa dhati, kwa huruma hata.

"Nyumba inakwisha?" akauliza.

Ukutani, nyuma ya mgongo wa Hamira, kitu kikagonga.

Ko... ko.

Alikimbia. Mtu mzima, tena mwenye heshima zake, alikimbia mtaa mzima na kiatu kimoja.

Kesho yake akamtafuta mwenye nyumba wa zamani. Alimkuta amenenepa, mashavu yanang'aa, amekaa dirishani anakunywa chai. Alipomwona Hamira alifunga mlango, akaongea kupitia nondo za dirisha.

"Nilijua utakuja. Pole."

"Pole? Umeniuzia nini?"

"Uliuliza bomba nikakujibu. Uliuliza bati nikakujibu. Hati nikakuonyesha. Ungeniuliza kwa nini nauza..." Akasita. "Nilikuwa nimeapa, mtu yeyote atakayeniuliza nitamwambia ukweli. Wamekuja wanunuzi wengi kabla yako, waliouliza waliondoka. Wewe ulipiga mwayo."

"Nitokeje?"

"Kama nilivyotoka mimi. Uza. Bibi atamwuliza mnunuzi swali lake. Mnunuzi akisema ataitengeneza yeye, umepona. Huna haja ya kudanganya mtu. Unatazama sakafu tu."

"Na wewe uliwezaje kutazama sakafu?"

Yule mtu hakukasirika. Akashusha kikombe.

"Wewe umechoka miezi," akasema. "Mimi nilichoka miaka. Tutaongea ukifika huko."

*

Shemeji alileta mnunuzi haraka, maana nyumba ilikuwa inapendeza kweli. Alikuwa muuguzi, msichana mwenye sauti ya upole, ametoka moja kwa moja hospitalini na viatu vyake vyeupe. Ilikuwa jioni. Hamira aliwapokea mlangoni, ameegemea fremu. Aligundua kwamba mikono yake iko mifukoni, na hakukumbuka ameiweka lini.

Msichana alikagua kwa bidii. Alifungua mabomba, akachungulia dari. Kila alipomaliza chumba alijisugua macho kwa nyuma ya kiganja.

"Nyumba yangu ya kwanza hii," akamwambia Hamira, kwa aibu kidogo. "Nataka niache zamu za usiku, mzee. Nilale kama watu."

Hamira akaisukuma mikono ndani zaidi ya mifuko.

Mlango wa nyuma ukafunguka bila mlio.

Harufu ikatangulia. Halafu bibi, na khanga yake isiyo na maua. Akatazama mikono ya msichana, mikono misafi, ya kucha fupi, iliyozoea kuamka.

"Nani ataitengeneza nyumba yangu?"

Msichana akatabasamu. Watu wote wazuri hutabasamu mbele ya bibi. Hamira akatazama sakafu. Ilikuwa sakafu nzuri, aliisakafia mwenyewe, na hakukumbuka hata mwiko mmoja. Alimsikia shemeji akivuta pumzi. Alimsikia msichana akifungua mdomo.

Sekunde chache tu, akajiambia. Nyamaza sekunde chache, ulale maisha yako yote.

"Ngoja, bibi," msichana akasema. "Samahani, mzee. Kabla ya yote nilitaka kuuliza. Kwa nini unauza?"

Hamira aliinua kichwa.

Angeweza kusema wanahama. Angeweza kusema watoto, ugonjwa, chochote. Shemeji alikuwa anamkonyeza kwa jicho lote. Lakini msichana alikuwa anapiga mwayo, amejiziba mdomo kwa kiganja, macho yamejaa machozi ya uchovu. Hamira alijiona yeye, jioni ile, na hakuweza. Alichoka, lakini hakuwa amechoka kiasi hicho.

Akatoa mikono mifukoni, akamwonyesha.

"Usimjibu," akasema. "Usiseme neno lolote humu ndani. Toka, mwanangu. Toka sasa hivi."

Msichana alizitazama zile kucha, ile ngozi. Kazi yake ni kutazama miili ya watu, na alichokiona kilimtosha. Akarudi nyuma hatua moja, mbili, kisha viatu vyeupe vikasikika vikikimbia barabarani.

"Dada! Dada, ngoja! Anatania huyo!" Shemeji akamfuata mbio, huku akimlaani Hamira kwa maneno ambayo semina haikumfundisha.

Wakabaki wawili.

Hamira alisubiri adhabu. Alijua atapigwa na kitu, au ukuta utafunguka, au nini... Bibi hakukasirika hata chembe. Alimsogelea, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa meupe, laini, kama ukuta uliokauka.

"Umechoka, mwanangu," akasema.

Ni muda mrefu hakuna mtu aliyekuwa amemwambia hivyo kwa upole namna ile. Machozi yakamtoka Hamira bila kutaka.

"Nimechoka sana, bibi."

"Basi pumzika. Leo usije. Nenda ukalale."

"Ahsante," Hamira akasema. Alimshukuru kutoka moyoni.

Nyumbani alimweleza mke wake kila kitu, ameketi sakafuni kando ya cherehani, kichwa amekilaza kwenye paja lake. Mke wake alimpapasa kichwa mpaka mwisho.

"Umefanya vizuri," akamwambia. "Yule ni mtoto wa watu. Tutatafuta njia nyingine. Tutamtafuta mtaalamu, shehe, mchungaji, yeyote." Mkono wake ukasimama kichwani. "Lakini siku ile ya kwanza, hasa hasa, ulimwambiaje?"

"Nilimwambia..."

Alijaribu kukumbuka. Usingizi ulikuwa umeshamfika magotini, mzuri, wa joto.

"Nilimwambia..."

Akalala hapo hapo.

*

Jua lilipita kwenye pazia, likamchoma usoni.

Hamira aliguna, akajifunika. Halafu akafunua shuka taratibu, haamini. Kulikuwa kumepambazuka zamani. Nje watu wanacheka, pikipiki zinapita, siku imeshakuwa ya kila mtu. Alijinyoosha. Mgongo haukumuuma. Mabega yalikuwa mepesi. Akaitazama mikono yake, ilikuwa mikavu, misafi. Alitaka kuimba. Alitaka kumwita mke wake wacheke pamoja, maana kila siku ndiye aliyemwamsha alfajiri, na leo alikuwa amemhurumia akamwacha.

Alimkuta ameketi kwenye cherehani. Alikuwa na uzi mkononi, anajaribu kuutia kwenye tundu la sindano. Uzi ukapita kando. Akaulamba, akajaribu tena. Ukapita kando.

"Hukuniamsha," Hamira akasema, bado anatabasamu.

"Nimepitiwa na mimi." Hakugeuka. "Sijui nimelalaje. Mabega yote yanauma."

Hamira akasogea. Akainama ambusu kichwani kama kawaida yake, na kwenye nywele zake ikamfikia harufu. Ilimkamata kooni.

Akaushika mkono wake, akaugeuza kwenye mwanga. Chini ya kucha kulikuwa na weupe.

"Ni unga?" akauliza. Alimwomba Mungu uwe unga.

"Unga?" Mke wake akashangaa. "Unga nimeushika lini mimi?"

Yale maneno aliyomwambia bibi, mimi na mke wangu, yakamrudia Hamira yote, neno kwa neno, na furaha aliyoyasemea, na mikono yake miwili ilivyokuwa juu hewani. Alisimama pale akiwa ameushika ule mkono, na mwili wake, aibu iliyoje, ulikuwa haujawahi kujisikia mzima namna ile.

Mke wake akaitua sindano. Akajiziba mdomo, akapiga mwayo mrefu, wa machozi.

"Leo," akasema, "nitalala mapema."